Mwashi aliyepewa cherehani: kisa cha kurudi kazini baada ya jeraha la uti wa mgongo

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia mno kwa mafundi wa ujenzi wa Tanzania wanaoumia uti wa mgongo. Mhusika si mtu mmoja anayeweza kutafutwa mtaani, na hapa tutamwita Fundi.

Fundi ana miaka 31. Alianza akiwa saidia fundi wa kubeba zege, akajifunza kupanga tofali, na baada ya miaka kumi alikuwa anakabidhiwa nyumba nzima kutoka msingi hadi lenta. Siku moja mguu wa jukwaa ulizama kwenye udongo mbichi, jukwaa likalala upande, naye akaanguka kutoka usawa wa ghorofa ya kwanza. Pingili ya 12 ya kifua, ile inayoandikwa T12, ilipasuka na kuukandamiza uti wa mgongo. Alipelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani akiwa kwenye kiti mwendo. Miguu haina nguvu wala hisia. Mkojo hautoki wenyewe. Mikono, mabega na kiwiliwili vina nguvu zote.

Mwaka mmoja na nusu baadaye alipata nafasi ya kusomea ushonaji kwa miezi sita katika chuo kinachopokea watu wenye ulemavu. Alimaliza, akapewa cheti na cherehani ya kukanyaga. Miezi minne baada ya hapo cherehani ilikuwa imefunikwa khanga pembeni ya chumba, na yeye alikuwa na kidonda kwenye kalio la kushoto.

Watu wengi hukisoma kisa cha namna hii na kusema kwamba amekata tamaa. Hapana. Kila hatua iliyoshindikana hapa ina sababu inayoonekana kwa macho na kupimika kwa futi kamba.

Cherehani ilikwama wapi

Kwanza ni mashine yenyewe. Cherehani ya kukanyaga inataka miguu miwili. Chuoni alishonea ya umeme. Aliyopewa kwenda nayo nyumbani haikuwa na mota. Mota ndogo ya kufunga pembeni inaweza kuongezwa, na swichi yake ya mguu ikapandishwa juu ya meza ili ibonyezwe kwa kiwiko. Mabadiliko hayo humchukua fundi umeme nusu siku. Lakini hakuna aliyekuwa na jukumu la kumfuata nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeyafanya.

Pili ni kiti. Kiti mwendo chake kilikuwa cha aina ya hospitali, kile cha kukunja chenye kitambaa kinacholegea katikati, na hakikuingia chini ya meza ya cherehani. Basi akahamia kwenye stuli ya mbao. Jeraha la T12 mara nyingi huacha misuli ya makalio ikiwa imelegea kabisa, ikasinyaa, na mfupa wa kukalia ukabaki karibu na ngozi. Mtu mwenye hali hiyo akikaa saa tatu juu ya mbao bila kujiinua, kidonda cha mgandamizo ni rahisi sana kutokea. Kilipotokea alilazimika kulala kifudifudi kwa wiki kadhaa, na wateja wachache aliokuwa nao wakaenda kwingine.

Tatu ni soko. Mtaa wake tayari ulikuwa na mafundi cherehani kila kona, wote wakishindana na mitumba. Kazi ya uhakika ilikuwa sare za shule, na hiyo ina misimu yake. Kupanga fremu barabarani kulitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Cheti hakikuja na kodi, pasi wala uzi.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Hakuna aliyemuuliza Fundi anajua nini. Aliulizwa ana ulemavu gani, kisha akapangiwa kozi iliyokuwa na nafasi. Miaka kumi ya kusoma ramani, kukadiria vifaa, kugundua saruji iliyoganda na kusimamia vibarua ilihesabiwa kuwa imekufa pamoja na miguu. Hapo ndipo utengamao wa kikazi, yaani kumrudisha aliyeumia kwenye kazi, unapopotea mara nyingi kwetu: kozi hutangulia, mtu hufuata, na mahali pa kazi hupatikana mwisho au hapapatikani kabisa. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: mtu na ujuzi wake, kisha kazi halisi yenye mwajiri halisi, halafu mafunzo ya kuziba pengo linalobaki.

Fidia iliyokaribia kupotea

Kabla ya Fundi kupimwa upya anachoweza, yaani tathmini ya pili, kulikuwa na jambo la kisheria. Fundi aliumia akiwa kazini kwa mkandarasi, akilipwa kwa siku. Yeye na ndugu zake waliamini kwamba kibarua hana haki ya fidia. Sivyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Mafao hayaishii kwenye matibabu na malipo ya ulemavu, kwani utengamao nao umo, pamoja na ule wa kumrudisha mtu kazini.

Kinachokwamisha madai ya mafundi wa kila siku ni ushahidi wa ajira. Hana mkataba, hana hati ya mshahara. Vilivyosaidia hapa ni daftari la mahudhurio la msimamizi wa saiti, miamala ya simu ya malipo ya wiki, maelezo ya mafundi wawili waliokuwepo na karatasi ya mapokezi ya hospitali inayoeleza ameumia akifanya nini. Hiyo ya mwisho husahaulika mno. Aliyemleta mgonjwa akisema tu "ameanguka", ndivyo itakavyoandikwa, na miezi baadaye neno hilo moja litakuwa mlima. Aseme ameanguka kutoka jukwaa, kazini, kwa nani.

Tathmini ya pili

Safari hii walikaa pamoja mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku na kazi), afisa ustawi wa jamii na Fundi mwenyewe. Kazi iligawanywa mara tatu: mwili, ujuzi, kisha mahali.

Kwa mwili hawakuandika "amepooza" na kufunga faili. Walipima anachoweza na kwa muda gani. Anahama kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila msaada. Anabeba kilo 10 mapajani na kusukuma kiti mita 30 kwenye sakafu ya saruji. Anafika kwa mkono kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni. Anajiinua kwa mikono kuondoa uzito makalioni. Kwa kuwa jeraha liko chini, hana ile hatari ya shinikizo la damu kupanda ghafla inayowapata walioumia T6 au juu yake. Kwa mtu wa namna hiyo mpango huu ungeandikwa upya.

Kwa ujuzi alipewa mtihani wa kweli. Ukuta wa mita 4 kwa 3, tofali za inchi 6: zinahitajika ngapi, na saruji mifuko mingapi? Alijibu bila kalamu. Mita 12 za mraba, tofali 10 kila mita, ni 120. Ongeza chache za kuvunjika, ziwe 126. Mfuko wa kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:5 hujenga tofali 50 hadi 60, basi nunua mifuko mitatu. Alipoonyeshwa nondo ya milimita 12 alisema urefu wake ni mita 12, na ikiwa nyepesi kuliko kilo 10 na nusu hivi, mteja anaibiwa. Pengo lilionekana upande mwingine: hajawahi kutumia kompyuta wala kuandika leja.

Kutokana na hayo zilibaki kazi mbili za kufuatilia: mtunza stoo kwenye saiti, au mtunza stoo na mkadiriaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Saiti iliondolewa kwa sababu moja tu: ardhi yake hubadilika kila wiki, mashimo ya leo si ya jana. Dukani sakafu haihami.

Kuichambua kazi yenyewe

Duka lililokubali kuzungumza lilikuwa na wafanyakazi 24. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Tajiri alikuwa ameisikia, na alikuwa akiiogopa kama faini. Kuanza mazungumzo kwa kumtishia na sheria kungempatia Fundi kiti cha kukaa bila kazi, na hiyo ni aibu nyingine. Mazungumzo yalianzia kwenye hasara yake: mifuko ya saruji inayopotea kati ya lori na stoo, na wateja wanaorudisha vifaa kwa sababu muuzaji aliwakadiria vibaya.

Mtaalamu wa tiba kazi alikaa stoo siku mbili na daftari, akaandika kila anachofanya mtunza stoo na muda wake. Ziligunduliwa kazi 11. Nane hazikuhitaji mabadiliko yoyote au zilihitaji madogo: kupokea hati, kuhesabu, kutoa bidhaa kwa karatasi, kuandika leja, kukagua tarehe za saruji, kupanga vibarua, kukadiria kwa wateja, kufunga hesabu ya siku. Kubeba mifuko ya saruji, jambo ambalo tajiri alilitaja kwanza kama kikwazo, hata halikuwa la mtunza stoo. Hubebwa na makuli. Tatu ndizo zilizokuwa na shida ya kweli: kupanda kwenye lori kuhesabu mzigo, kufikia rafu za juu, na kukimbilia kaunta wakati wa msongamano.

Ya lori ilipata suluhisho lililowafaa wote. Badala ya kuhesabu mzigo ukiwa juu, mifuko ilianza kuhesabiwa mlangoni inaposhushwa. Fundi anakaa kando ya mlango, kila kuli anapita mbele yake, na kila mifuko 10 anachora alama moja. Dereva anatia sahihi papo hapo. Mzigo hauhesabiwi tena kwa macho kutoka chini.

Vipimo vya mahali

Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi mbili, jumla sentimita 30. Mteremko wa kupanda kwa kiti mwendo hutengenezwa kwa uwiano wa 1 kwa 12, kwa hiyo sentimita 30 zinataka urefu wa mita 3.6. Tajiri alitaka mita 1.5 ili asile eneo la maegesho. Mteremko wa mita 1.5 kwa kimo hicho humwangusha mtu chali, hasa mvua ikinyesha. Uligeuzwa ukafuata ukuta, upana mita 1, ukingo wa sentimita 10 upande wa nje ili gurudumu lisitoke, na juu kabisa bapa la mita 1.5 kwa 1.5 la kugeuzia. Uso wake ulipigwa ufagio saruji ikiwa mbichi. Usipigwe nili, unapendeza, lakini unateleza.

Fundi mwenyewe ndiye aliyemwelekeza mwashi. Mteremko ule ulikuwa kazi yake ya kwanza ya ujenzi tangu aanguke.

Ndani, sehemu ya kaunta yenye urefu wa mita 1 ilishushwa kutoka sentimita 110 hadi 78, na chini yake ikaachwa wazi sentimita 70 ili magoti yaingie. Njia ya stoo ilipanuliwa hadi mita 1.2 kwa kusogeza marundo ya mabati. Vitu vinavyotoka kila saa, kama misumari, koki, viungio vya bomba na vitasa, vilihamishiwa kwenye rafu za kati. Vya juu vikaachiwa vile vinavyoulizwa mara moja kwa wiki, na mwenzake huvishusha.

Choo na maji ya kunywa

Hapa ndipo ajira nyingi za watu wenye jeraha la uti wa mgongo hufia, na hakuna anayependa kupataja kwenye kikao. Fundi hutoa mkojo kwa mpira mwembamba wa njia ya mkojo (katheta), akiuingiza mwenyewe na kuutoa, kila baada ya saa 4 hadi 6. Ratiba yake ni saa 12 asubuhi, saa 5, saa 9 alasiri, saa 2 usiku na saa 6 kabla ya kulala. Mara mbili kati ya hizo yuko kazini. Lengo ni kibofu kisizidi mililita 500 kila mara.

Choo cha duka kilikuwa cha kuchuchumaa na mlango wa sentimita 60. Mtu asiyekuwa na pa kufanyia jambo hili huamua kutokunywa maji. Mkojo hukolea, maambukizi huja, homa hufuata, mawe ya kibofu baadaye, na mwajiri huandika kwamba mfanyakazi huyu anaumwaumwa. Kubomoa choo kungegharimu sana. Kilichofanyika ni kukata kona ya ofisi, mita 1.5 kwa 1.8, kwa mbao na mlango wenye komeo: ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, rafu, ndoo ya kutupia yenye kifuniko, kioo cha mkono. Haja kubwa aliifundishwa kwa ratiba ya siku moja baada ya nyingine nyumbani, asubuhi mapema, ili isimkute kazini.

Kioo ni cha kukagua ngozi. Mtu asiyehisi makalio yake anayaona kwa kioo, kila jioni: doa jekundu lisilopotea ndani ya nusu saa lina maana kwamba kesho hakai.

Kiti, mto na safari

Kiti cha hospitali kilibadilishwa kwa kiti mwendo chenye gurudumu refu mbele, kinachohimili barabara za udongo. Upana wa kukalia ulifuata nyonga zake pamoja na nafasi ndogo, kina kikaishia sentimita 4 kabla ya nyuma ya goti. Mto ni wa sponji ngumu ya sentimita 8, umechongwa nyuma ili mifupa ya kukalia izame. Kipimo chake ni rahisi: ingiza vidole chini ya mto akiwa amekaa, ukiuhisi mfupa, mto umekufa, ununuliwe mwingine. Kila dakika 20 hujiinua au kuegemea upande mmoja, na hushikilia hivyo hadi damu irudi. Saa ya simu humkumbusha.

Nyumbani hadi dukani ni kilomita 3. Daladala hazisimami kwa kiti mwendo. Bajaji kwa shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku 26, ni shilingi 104,000 kwa mwezi. Mshahara uliokubaliwa ulikuwa 280,000. Ajira inayokula zaidi ya theluthi ya mshahara kwa nauli haidumu. Alipata baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, na kiti mwendo kikawa kinalala dukani. Bajaji ikabaki ya siku za mvua. Hilo lilimaanisha kuhitaji kiti cha pili nyumbani, na kile cha hospitali, chenye ubao mgumu na mto mpya juu yake, kikatosha.

Majaribio na yaliyoharibika

Wiki nne za majaribio zilianza kwa saa 4 kwa siku, kwa malipo. Majaribio bila malipo humfanya mtu mgeni, na tajiri naye hayapi uzito. Wiki ya tatu saa zikawa 6, kisha 8. Mafunzo ya leja na kompyuta yalifanyika pale pale kaunta, saa moja kila asubuhi kabla wateja hawajajaa, yakifundishwa na karani wa duka. Hakurudishwa darasani.

Wiki ya pili aliungua. Alibeba mapajani vipande vya bomba la chuma vilivyokuwa vimeanikwa na jua la saa 8, hakuhisi chochote, na jioni mkewe akaona malengelenge. Tangu hapo chuma chochote kilichotoka juani hubebwa kwenye toroli. Saruji mbichi nayo huchoma ngozi isiyo na hisia bila kutoa taarifa, kwa hiyo huvaa viatu vya kufunika vilivyozidi saizi moja.

Mwezi wa pili gurudumu la mbele likaanza kukwama. Vumbi la saruji lilikuwa limeingia kwenye beringi na kuganda na grisi. Sasa husafishwa kila mwisho wa wiki na kutiwa grisi mpya kila mwezi; fundi baiskeli wa jirani anatosha, beringi zikiwa za saizi inayouzwa dukani.

Wenzake walikuwa na lao. Walimsukuma bila kumuuliza, wakimwita mgonjwa. Mwingine alimletea chai na kumfanyia hesabu zake. Afisa ustawi alifanya nao kikao kifupi, mada moja tu: kiti cha mtu ni sehemu ya mwili wake, hakishikwi bila ruhusa, na kazi yake aifanye mwenyewe hata akichelewa. Heshima ilikuja zaidi pale mteja mmoja alipoorodhesha nondo za jamvi la nyumba yake na Fundi akamwonyesha kwamba theluthi yake hazihitajiki.

Hali ya mwezi wa sita

Ufuatiliaji ulifanywa wiki ya 1, ya 2 na ya 4, kisha mwezi wa 3 na wa 6. Hauhitaji fomu ndefu. Maswali ni haya: ngozi ikoje, mkojo ukoje, mto na magurudumu vikoje, kuna kazi aliyonyang'anywa kimya kimya, na mshahara umelipwa wote? Swali la nne ndilo lililofichua jambo. Ukadiriaji kwa wateja, kazi anayoiweza kuliko wote dukani, ulikuwa umerudishwa kwa muuzaji wa kaunta kwa sababu wateja walikuwa wakimwendea aliyesimama. Kibao chenye neno MAKADIRIO kiliwekwa juu ya sehemu yake ya kaunta, na wauzaji wakaagizwa kumpelekea kila mwenye ramani.

Yaliyobaki ni mawili. Maelezo ya kazi yake, pamoja na chumba cha kona, saa za kujiinua na utaratibu wa kuhesabu mlangoni, yameandikwa ukurasa mmoja na kutiwa sahihi na tajiri, ili meneja mpya akija asiyafute kwa kutojua. La pili ni la Fundi mwenyewe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Anataka kuuza tofali. Ameambiwa alete hesabu ya mashine, mchanga kwa tripu, saruji na mshahara wa vibarua wawili, na aionyeshe faida kwa kila tofali kabla ya kujaza fomu yoyote. Hesabu hiyo ameshaanza kuiandika.